Wageni wa Alhamisi

Mkiitafuta Jamhuri Kamilifu kwenye ramani hamtaiona, na msiilaumu nchi. Ramani mpya inatoka Alhamisi.

Mimi naisimulia kama nilivyoisikia, sina kinyongo na mtu. Ni nchi nzuri, yenye milima miwili, mto mmoja na Mtukufu Mlezi, ambaye picha yake ilibandikwa hata kwenye mizinga, ili nyuki nao wajue wanamfanyia nani kazi. Watu wa nchi hiyo hawakukosa kitu. Hawakuruhusiwa.

Jambo hilo lina historia yake. Zamani kidogo, kwenye karamu ya Ikulu, Mlezi aliomba chumvi, na mpishi mmoja mwenye mkosi akajibu, "Hakuna, Mtukufu." Mlezi aliweka kijiko chini, akamtazama yule mpishi kwa huzuni kubwa, akauliza, "Katika nchi yangu, hakuna?" Mpishi alipelekwa masomoni siku ile ile, na masomo yake hayajaisha mpaka leo. Haukupita muda Bunge likapitisha kwa makofi Sheria ya Uwepo: ni marufuku kumwambia mkubwa kwamba kitu fulani hakuna. Kinachotakiwa ni kutaja siku kitakapofika.

Basi watumishi wakatafuta siku inayofaa. Jumatatu wakubwa huamka na maswali mengi. Ijumaa kila mtu ana haraka ya kufunga ofisi. Alhamisi ikaonekana ina nafasi. Tangu hapo dawa zinafika hospitali Alhamisi, maji yanarudi bombani Alhamisi, mwalimu wa hesabu anaripoti kazini Alhamisi, na Alhamisi yenyewe ikifika kila mtu anaendelea na shughuli zake, kwa sababu aliyeahidi hakusema ni Alhamisi ipi.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke mmoja, Daktari Zamaradi Mkwavi, mtaalamu mkuu wa nyota. Alikuwa mkuu kwa kuwa alikuwa peke yake. Kituo cha Taifa cha Kutazama Nyota kilikaa juu ya kilima, nacho kilifunguliwa asubuhi na kufungwa alasiri, sawa na ofisi nyingine zote za serikali. Usiku alikaa mlinzi mlangoni kuhakikisha haingii mtu. Zamaradi alishawaeleza wakubwa kwamba nyota huonekana usiku, nao wakamjibu kwa upole kwamba suala la nyota kuonekana saa za kazi linashughulikiwa. Kwa hiyo mengi aliyoyajua kuhusu mbingu aliyasoma vitabuni, na mengine aliyaona mwenyewe uani kwake, akiosha vyombo.

Lakini siku hizo Zamaradi hakuwa na hamu ya nyota. Binti yake, Hidaya, alikuwa ameolewa ng'ambo ya mpaka, mwendo wa asubuhi moja kwa basi, na huko amejifungua mtoto wa kike, Chausiku, mjukuu wa kwanza. Zamaradi aliomba Ruhusa ya Kutoka ili akambebe mtoto angali mchanga, amkande kwa mafuta ya nazi kama yeye alivyokandwa na bibi yake.

"Shikamoo mama," alisema Afisa wa Ruhusa, mtu mwenye adabu zake. "Itatoka Alhamisi."

Mtoto akaota meno. "Shikamoo mama. Alhamisi." Mtoto akatambaa, akasimama dede, akaanza kutamka maneno, na yote hayo Zamaradi aliyapata kwa simu iliyokuwa ikikatika katikati ya kila habari njema. Alikuwa akimshonea vigauni. Kila alipomaliza kimoja, alikuta tayari kimeshakuwa kidogo kwa mtoto, akaanza kikubwa zaidi. Kabati likajaa vigauni vya mtoto ambaye hajamwona, na ilimuuma, jamani, ilimuuma hata akawa hafungui kabati lile mbele ya watu.

Ikafika Siku ya Shukrani, ambayo wananchi hukusanyika uwanjani kumshukuru Mlezi kwa kuwakubali kuwa wananchi wake. Mlezi akahutubia.

"Ndugu wananchi! Nimetembea mashariki, nimetembea magharibi, nimelala katika hoteli za mataifa yote kwa niaba yenu! Sijaona nchi kama hii! Nasema na narudia: hata huko kwenye nyota, hata kwenye sayari za mbali, wapo wanaotuonea wivu!"

Makofi yalipigwa mpaka wapiga makofi wa zamu ya kwanza wakapumzishwa, wakaingia wa zamu ya pili. Mlezi aliketi, akajifuta jasho, kisha akamwinamia Waziri wa Mapokezi na Makaribisho, Mheshimiwa Bakilana Ngoda, akamnong'oneza, "Hivi ni akina nani hao?"

"Taarifa yao inaandaliwa, Mtukufu," alisema Ngoda, na mara mkutano ulipokwisha akakimbilia kilimani.

Alifika akitweta. Alikuwa mtu mnene, mwema kwa kadiri cheo chake kilivyomruhusu. Hakuwahi kufika pale kituoni, wala hakujua kama kina mtu.

"Daktari," alisema, "wapo?"

"Akina nani, Mheshimiwa?"

"Hao wenye wivu. Wa kwenye nyota."

Zamaradi alisahau kabati na ruhusa kwa muda, maana tangu aajiriwe hakuwahi kuulizwa swali hata moja la kazi yake. Alimkaribisha kiti, akamwambia kwamba vijidudu huenda vimejaa kila mahali huko juu, kwa kuwa kijidudu hakina makuu, ukikipa maji, joto na muda kinaridhika. Lakini kiumbe changamano, mwenye mwili na macho na moyo, huyo ni shughuli nyingine.

"Vijidudu vina wivu?" aliuliza Ngoda.

"Sidhani."

"Basi tuviache. Mtukufu hawezi kushikana mikono na kijidudu. Tueleze hao changamano. Wana mawaziri?"

"Mheshimiwa, kuwapata tu ni kazi. Hapa kwetu duniani vijidudu vilikaa peke yao zama na zama, hata mchwa wa kukanyaga hamna. Mpaka siku moja kijidudu kikammeza mwenzake, kikashindwa kumsaga. Yule aliyemezwa akabaki humo humo tumboni akifanya kazi, akimtilia nguvu aliyemmeza. Kwa hao wawili ndiyo tukapata miti, mbuzi, mimi na wewe. Na inavyoonekana jambo hilo limetokea mara moja tu. Ndiyo maana sijui kama huko kwingine limewahi kutokea."

Ngoda alivutiwa mno. "Aliyemezwa alikubali?"

"Hakuulizwa."

"Akatoka lini?"

"Hajatoka mpaka leo."

"Safi sana," alisema Ngoda. "Huo ndio umoja wa kitaifa. Kwa hiyo wapo."

"Kwa hiyo hatujui. Mbingu ni kubwa, nyota ni nyingi, na mimi natamani sana wawepo, nisikufiche. Lakini watu wametafuta na hawajaona. Na hata wakionekana, nuru yao tutakayoiona itakuwa imeondoka huko zamani sana, kabla Mtukufu Mlezi hajaanza kutawala."

Ngoda aliangalia mlangoni, kisha akashusha sauti. "Daktari, kabla ya Mtukufu Mlezi hapakuwa na kitu. Hiyo nuru imeondoka wapi?"

Zamaradi akainama, akaanza kupanga vitabu vyake mezani.

"Sikiliza, dada yangu. Neno 'hakuna' unalijua lilivyomfanya mpishi. Hilo 'hawajaona' lako ni mdogo wake, tumbo moja. Nitajie siku watakayofika, mengine niachie. Mimi nakuapia, taarifa ikimfurahisha Mtukufu, ruhusa yako ya kutoka nitaisimamia mwenyewe mpaka itoke. Mjukuu anaitwa nani?"

"Chausiku."

"Chausiku atabebwa."

Zamaradi hakuwahi kusema uongo kuhusu nyota. Nyota ndizo zilikuwa kitu pekee nchini ambacho hakuna aliyejishughulisha kukisemea uongo. Akaufikiria uzito wa mtoto ambaye yeye hajawahi kumshika. Akajiambia kwamba katika nchi nzima hajatokea mtu aliyewahi kutoka nje siku ya Alhamisi kungojea alichoahidiwa.

"Alhamisi," akasema.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe angelifanya mtu yeyote wa nchi ile. Alisahau kwamba yupo mmoja ambaye hakujua maana ya Alhamisi. Mtukufu Mlezi hakuwahi kungojea kitu maishani. Chumvi yake ilikuwepo, dawa zake zilikuwepo, maji yake yalikuwa ya moto na ya baridi. Alipoambiwa kwamba wenye wivu watafika Alhamisi, alifurahi kwa dhati, akasema, "Hii inayokuja? Vizuri, nina nafasi."

Nchi ikaanza kujiandaa. Mitaa ilifagiwa. Nyasi za uwanja wa ndege zilikuwa zimekauka, zikapakwa rangi ya kijani. Kwaya ya Taifa ikafundishwa wimbo wa "Karibuni Changamano." Kamati ya Itifaki ilikaa kikao kizito: je, mgeni mwenye vichwa viwili apewe kiti kimoja au viwili, na akiwa na mikono mingi, Mlezi ashike upi kwanza? Ikaamuliwa kwamba mgeni mwenye mikono mingi ataombwa achague mmoja wa kuiwakilisha mingine, kwa kufuata mfano wetu wa uchaguzi.

Halafu redio ikatangaza kwamba uwanja wa ndege umefungwa, ili wageni wapate pa kutua. Mpaka nao umefungwa na mabasi yamesimamishwa, isije ikasemekana wageni wamefika wakakuta wenyeji wametawanyika. Haruhusiwi kutoka mtu yeyote mpaka wageni wawe wamefika.

Zamaradi alisikia tangazo hilo akiwa jikoni. Alikaa chini sakafuni na mwiko mkononi. "Nimejifungia mwenyewe," alisema kwa sauti, na hapakuwa na wa kumjibu ila sufuria.

Alimfuata Ngoda ofisini. "Mheshimiwa, nisamehe. Hawaji."

"Hawaji," alisema Ngoda, akitafakari. "Huyo ni nani yake 'hakuna'? Shangazi?"

"Nimedanganya. Mwambie Mtukufu nimedanganya mimi."

"Ukidanganya wewe, nimedanganya mimi, na mimi nikidanganya, amedanganya aliyeniteua. Nenda kapige pasi koti lako, dada. Wewe ndiye utakayesimama katikati ya uwanja na hiyo darubini yako, uwe wa kwanza kuwaona."

Alhamisi ikafika. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hiyo watu kutoka nje kuingojea. Walijaa pembeni mwa njia ya ndege, wamevaa nguo zao za sikukuu, kila mmoja na beji ya Mlezi kifuani. Katikati kabisa, peke yake kwenye lami, alisimama Zamaradi katika koti lake jeupe, darubini pembeni. Hakuwa na beji, maana beji za kituo chake zilikuwa zinakuja Alhamisi.

Jua likapanda. Juu mbinguni alipita mwewe mmoja, bendi ikampigia wimbo wa taifa mpaka alipopotea. Watoto waliomba maji, wakaambiwa siku gani. Mlezi, ambaye hakuzoea kungojea, alianza kuhisi kitu kigeni mwilini mwake asichojua jina lake, na hakikumpendeza.

"Ngoda," alisema. "Wageni wako wapi?"

Mheshimiwa Ngoda alifungua mdomo. Kusema hakuna, haiwezekani. Kusema Alhamisi, leo ni Alhamisi. Katika utumishi wake wote hakuwahi kuishiwa majibu, na sasa yalikuwa yameisha yote mawili. Alitazama kulia, akawaona mabalozi, wote anafahamiana nao. Alitazama kushoto, akaona maaskofu na masheikh, wote wanajulikana. Alitazama mbele, na pale katikati ya lami alikuwepo mtu mmoja ambaye jukwaa zima lilikuwa halimjui.

"Yule pale, Mtukufu," alisema.

Mlezi alisimama, akakunja macho. "Mbona anafanana na sisi?"

"Ni kwa heshima yako, Mtukufu. Amejifananisha."

Makofi yalilipuka. Walinzi wakaenda kumchukua Zamaradi, wakamtembeza kwenye zulia jekundu huku kwaya ikiimba, na njiani alielewa kilichotokea. Alitaka kupiga kelele kwamba yeye ni mtoto wa hapa hapa, nyumba yake iko nyuma ya soko, uliza yeyote. Akamkumbuka mpishi na masomo yake. Kisha likamjia wazo jingine, tamu kuliko yote. Mgeni huondoka. Mgeni hukaa, akala, akashukuru, akapewa zawadi, akasindikizwa kwao. Mtu pekee anayetoka katika nchi hii bila kuomba ni mgeni. Mbona hakuliwaza hilo mapema?

"Nimefika," alisema, akainama.

"Huko kwenu," Mlezi aliuliza kwenye kipaza sauti, "mnatuonea wivu?"

"Hatulali, Mtukufu."

"Na kwenu kuna nini?"

Zamaradi alitaka kubuni, lakini ukweli ukamtoka wenyewe. "Kwetu kuna mtoto mmoja anaanza kusema. Nikishatoa salamu, naomba nirudi upesi kabla hajamaliza kujifunza maneno yote bila mimi."

Wanawake wakatoa vilio. Hata Mlezi aliguswa, akamkumbatia, akatangaza mbele ya taifa zima, "Utarudi siku yoyote utakayotaka!"

Alipelekwa Nyumba ya Mgeni Mtukufu, yenye madirisha ya vioo kutoka chini mpaka juu. Wanafunzi walipitishwa hapo kwa mistari, walimu wakiwaonyesha jinsi kiumbe wa mbali anavyokula wali kwa mkono, kwa heshima ya nchi. Majirani zake wa sokoni walikuja pia. Walimtazama sana, wakatazamana, wakaondoka wakisema wanamshangaa mgeni huyu alivyofanana na jirani yao fulani, Mungu amrehemu. Zamaradi alivumilia. Kila siku alijiambia ipite wiki ya adabu tu, mgeni asionekane hana shukrani, kisha ataaga.

Kabla hajaaga alikuja Ngoda, uso unang'aa kwa furaha.

"Niliahidi au sikuahidi?" alisema, akatoa karatasi mfukoni. "Ruhusa ya Kutoka ya Daktari Zamaradi Mkwavi! Imetiwa saini na Mtukufu mwenyewe, na mpaka umefunguliwa. Nimeihangaikia, sijalala."

Zamaradi alilia. Alinyoosha mikono yote miwili.

Ngoda aliirudisha ruhusa kifuani kwake. "Samahani, Mgeni Mtukufu. Hii ni ya Daktari Zamaradi. Lazima apokee mwenyewe."

"Mheshimiwa. Ngoda, ndugu yangu. Ni mimi. Unanijua."

"Nakujua," alisema Ngoda polepole, na macho yake yalikuwa na huruma ya kweli. "Lakini ukiwa wewe ni Zamaradi, basi mgeni hakuna."

Nje ya kioo darasa zima lilikuwa linapunga mikono.

"Basi niondoke kama mgeni," alisema Zamaradi. "Mtukufu aliniahidi mbele ya watu. Nipandisheni basi, mnishushe mpakani, nitajua mwenyewe."

"Mgeni wa nyota kwenye basi? Watasema hatukujua kukusindikiza. Wewe utaondoka na chombo chako, kile kilichokuleta. Kiko wapi?"

Zamaradi alifungua mdomo kujibu, na jibu lilikuwa neno moja. Akaufunga. Ngoda alimngojea kidogo, kisha akaguna kwa upole.

"Nitasema kinafika Alhamisi," alisema. "Na Daktari Zamaradi nitawaambia anarudi Alhamisi. Ruhusa yake itakaa salama kwenye droo yangu."

Msidhani mgeni alitendewa vibaya. Alipewa hata simu ya kupigia kwao, na maafisa wawili wa kusikiliza, ili taifa lijifunze lugha ya huko. Maafisa hao walistaajabu jinsi lugha ya sayari ile ilivyo karibu na yetu, hata salamu ni zile zile. Siku moja simu ilishika vizuri, haikukatika, na aliyeipokea hakuwa Hidaya.

"Shikamoo bibi!" ilisema sauti ndogo, kila neno limekamilika.

Zamaradi alishika meza. "Marahaba, Chausiku. Marahaba, mama. Nani kakufundisha kusema vizuri hivyo?"

"Mwenyewe. Bibi, unakuja lini?"

Alimfikiria yule kijidudu wa zamani, aliyemezwa asisagwe, anavyofanya kazi gizani ndani ya mwili wa mwenzake, ndani ya mkono huu huu ulioshika simu. Maafisa wawili walikuwa wameinua kalamu. Angeweza kumwambia mtoto ukweli. Ukweli ulikuwa mfupi na aliujua.

"Alhamisi, mjukuu wangu," alisema.

Upande wa pili mtoto alipiga kelele za furaha, akaangusha simu bila kuikata. Zamaradi alisikia miguu midogo ikikimbia, akamsikia akimwita mama yake, bibi anakuja, bibi anakuja Alhamisi. Kisha akasikia ufagio, unaburutwa na mtu ambaye bado haumudu, akianza kufagia uwanja.